Mama anakuja Vienna, nataka tuvuke hadi Bratislava asubuhi turudi jioni. Mliokwenda nisaidieni

mwana_wa_panton (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau, hasa nyie mlioko Austria na nchi za jirani. Mama yangu mzazi anatua mwezi ujao inshallah. Ana miaka 67, mtu wa Pangani, hajapanda ndege maishani mwake na nje ya Tanzania amewahi kufika Mombasa tu kwenye harusi, alipitia Horohoro kwa basi. Hiyo viza tumeihangaikia miezi na miezi, barua ya mwaliko, karatasi za benki, bima, picha zimekataliwa tumepiga upya, yaani mpaka inatoka mama alishaanza kuniambia mwanangu acha tu nitakuona ukija.

Atakaa kwangu wiki tatu. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu, ofu zangu za kuhesabu. Nataka siku moja iwe ya kwake kabisa, tutoke asubuhi tuingie nchi nyingine tutembee tule turudi kulala nyumbani. Nimekaa Vienna mwaka wa sita na hata siku moja sijavuka mpaka kwa matembezi, ni kazi nyumbani kazi nyumbani.

Maswali yangu: viza yake imeandikwa kuingia mara moja, sasa akitoka Austria si ndio imekwisha? Budapest au Bratislava? Magoti yake hayapendi ngazi. Chakula pia, sisi Waislamu. Na nitakuwa na binti yangu wa miaka 7. Nimefikiria Jumatatu maana ndio ofu yangu. Karibuni.

fundi_reli

Dada karibu. Mimi nimeishi Bratislava miaka minne nasoma, saa hizi niko Vienna, hiyo njia naijua kama ya kwenda dukani.

Kwanza hiyo miji miwili ina kilomita sitini hivi kati yake, ndo miji mikuu iliyokaribiana kuliko yote Ulaya ukiitoa Roma na Vatikani. Treni zinatoka Wien Hauptbahnhof, stesheni kuu ya Vienna, na hapa ndipo wengi wanapotea kwa hiyo soma polepole: Bratislava ina stesheni mbili zinazopokea treni za Vienna. Moja ni Bratislava hlavná stanica, stesheni kuu, treni inapitia Marchegg. Nyingine ni Bratislava-Petržalka, iko ng'ambo ya mto upande wa kusini, treni inapitia Kittsee. Zote ni saa moja hivi, na tiketi ya mkoa ya Vienna na Bratislava inakubali njia zote mbili, ukiichukua ya kwenda na kurudi ndo nafuu zaidi. Unainunua kwenye mashine ya ÖBB, shirika la reli la Austria, au kwenye simu. Soma masharti yake vizuri maana yangu ilikuwa inaingiza na mabasi na tramu za Bratislava humohumo, watu wananunua tena tiketi kule bila sababu.

Ukishuka stesheni kuu mjini kwenyewe ni mteremko, si mbali ila kwa bi mkubwa usimtembeze, kuna basi namba 93 linashuka hadi Most SNP, lile daraja kubwa, na ukilikalia linaendelea hadi Petržalka. Kwa hiyo hilo basi linaunganisha stesheni zote mbili. Likumbuke hilo 93.

Na Jumatatu futa. Majumba mengi ya makumbusho yanafungwa, utamzungusha mama milangoni.

mtu_wa_kisauni

Sasa mbona mnampeleka mama mji mdogo hivyo na Budapest iko hapo. Mimi nilienda na mke wangu kutoka Vienna, treni masaa mawili na dakika arobaini, mji ni mkubwa, bunge lao ukiliona usiku na taa unanyamaza. Mama katoka Pangani yote hiyo aone kitu cha maana jamani. Bratislava unaimaliza kwa masaa matatu.

fundi_reli

Mkuu Budapest ni nzuri sikatai lakini piga hesabu. Masaa mawili na dakika arobaini kwenda, hivyohivyo kurudi, hiyo ni karibu masaa matano na nusu mama amekaa kwenye kiti na magoti yake. Ongeza hela ya forinti ya kubadilisha, ongeza mji wenyewe ni mkubwa unataka siku mbili. Bratislava ni euro ileile ya mfukoni, Slovakia wanaitumia tangu 2009. Hayo masaa matatu unayosema ya kuumaliza ndio uzuri wenyewe kwa mtu mzima, anayafanya kwa masaa sita na mapumziko.

mtu_wa_kisauni

Hapo kwa magoti umenishika. Sawa. Lakini dada siku ukipata ofu mbili za kufuatana nenda Budapest na ulale.

daftari_la_safari

Niongelee viza maana naona imerukwa na ndo swali lake la kwanza.

Dada, kuingia mara moja maana yake ni kuingia mara moja eneo zima la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, sio Austria peke yake. Slovakia imo Schengen, mpaka wake na Austria ulifunguliwa Desemba 2007. Kwa hiyo mama akitoka Vienna akaenda Bratislava akarudi, kwa hesabu ya viza hajatoka popote, ile mara moja yake bado anaitumia. Chukua pasi yake uangalie stika, mstari wa juu unaosema viza inatumika wapi. Kama imeandikwa Schengener Staaten, yaani nchi za Schengen, nendeni kwa amani. Kama imetajwa nchi kwa herufi, mfano A (Austria) peke yake, hiyo ni viza iliyofungwa kwenye nchi hiyo, hapo msivuke. Ni chache lakini zipo. Bima pia ile mliyonunulia viza inatakiwa ifunike Schengen yote, kwa hiyo hapo uko salama, nakala itembee nayo.

Sasa jambo la pili na hili naliandika kwa uzito. Pasi ORIGINO iwe mkononi, si picha kwenye simu, si fotokopi. Mpaka uko wazi lakini polisi wana haki ya kupanda treni na kuuliza, na Austria imesharudisha ukaguzi kwenye mpaka huo zaidi ya mara moja, 2022 na tena 2023. Na wewe mwenyewe dada kadi ya ukaazi peke yake haitoshi, kadi na pasi pamoja. Mtoto naye awe na pasi yake. Kuna ndugu yetu mmoja alienda na kadi tu akaona si ni hapo karibu, alishushwa treni akakaa kituoni masaa, siku ikaharibika na kulipa akalipa.

Na kwa wengine mnaosoma humu kimyakimya: kama unayo ile kadi nyeupe ya wanaosubiri kesi ya ukimbizi, usivuke. Hata kwa nusu saa, hata kama rafiki anakwambia mbona mimi nimepita. Kesi yako ni kubwa kuliko Bratislava. Aliyekwishakubaliwa na ana kitabu chake cha safari cha mkimbizi, huyo anaweza kutembea.

mwana_wa_panton

Daftari Mungu akubariki, nimekimbilia simu nimeiangalia ile picha ya viza aliyonitumia mama, imeandikwa Schengener Staaten. Nimepumua. Yaani nilishaanza kuona tutabaki kuzunguka jumba la Schönbrunn hapahapa Vienna wiki tatu.

Jumatatu nimeifuta, nimebadilishana zamu na mwenzangu tumepata Alhamisi.

Ruzizi_moja

Mimi niko wa Bukavu, minakaa Graz. Hii habari ya miji mikuu yenye kukaribiana inanigusa. Duniani, ukitosha Roma na Vatikani, yenye kukaribiana kabisa ni ya kwetu, Kinshasa na Brazzaville, unasimama kando ya mto unaona nyumba za nchi ingine, lakini daraja hakuna mpaka leo, ni boti tu na makaratasi mengi. Na kwetu Bukavu tunavukaka mto Ruzizi na miguu kuenda Kamembe upande wa Rwanda, kila mama wa soko anavuka asubuhi na mzigo wake, lakini anasimama kwenye dirisha, anaonyesha karatasi, na siku wakubwa wanagombana wanafunga ile mpaka na yeye anabaki na nyanya zake.

Njo maana mara ya kwanza nilipita hapo kati ya Austria na Slovakia na gari nilitafuta mpaka sikuiona. Kuna ubao wa buluu na nyota, basi. Nilirudi nyuma na gari niangalie tena. Dada peleka mama, hata kama haoni kitu kingine aone hiyo.

Kama ni na gari, nunua vinjeti, ile ya kulipia barabara kubwa, ya Austria na ya Slovakia, zote ziko kwenye intaneti, hapana sahau ya pili maana kamera iko.

bi_donau

Mwanangu pole na hongera kwa kumleta mama. Mimi ni mtu wa Unguja, Vienna nimeingia zamani wajukuu zangu ndio wanazungumza Kijerumani cha hapa hasa. Nimepeleka wageni wengi Bratislava, wengi wao watu wazima kama mama yako, basi nikwambie ninavyofanya mimi.

Mama wa Pangani ni mtu wa maji. Usimpakie treni wakati wa kwenda, mpeleke kwa boti. Iko Twin City Liner, inaondokea Schwedenplatz katikati ya mji, inateremka mfereji wa Donaukanal halafu inaingia mtoni Donau kwenyewe, ule mto Danube, saa moja na robo uko Bratislava. Kurudi boti inapanda dhidi ya maji inachukua saa moja na nusu, kwa hiyo kurudi chukueni treni. Bei ya boti ni ghali kuliko treni kwa mbali, sikufichi, lakini kwa mara moja na kwa mama, toa. Inaanza machipuko mpaka vuli, msimu wa baridi usiitegemee. Tiketi ununue mapema na usichelewe gatini, boti haingoji.

Mkishuka mko mjini tayari, hapana mlima, mji wa kale ni wa kwenda kwa miguu, ila mawe. Mawe yale ya mviringo barabarani. Kandambili na viatu vya soli nyembamba viache nyumbani, avae raba.

Kanisa la Mtakatifu Martin mtapita nje yake, tazameni juu ya mnara, mahali pa msalaba wameweka taji la dhahabu. Wafalme wa Hungary walikuwa wanatawazwa mule, tangu 1563 mpaka 1830, kwa kuwa Buda yao ilichukuliwa na Waturuki wakaleta makao huku. Malkia Maria Theresa ambaye majumba yake mnayaona kila siku hapo Vienna alivishwa taji pale 1741. Njia waliyokuwa wakipita wameitia vitaji vidogo vya shaba katikati ya mawe. Binti yako, mjukuu wa mama, mwambie avitafute, hatolalamika kuchoka hata kidogo.

Ngome ya mjini iko juu, inafanana na meza iliyopinduliwa miguu juu, iko nne. Kwa miguu ni kupanda. Lipo basi la umeme la waya linapanda mpaka karibu, kama magoti yamekataa msende, ionekane tu kwa chini.

Chakula. Chakula chao mashuhuri ni bryndzové halušky, vidonge vya viazi na unga na jibini la kondoo, juu wanamwagia vipande vya mafuta ya nguruwe. Wengi wanasema utasema tu wasitie, bez slaniny, lakini mie siamini sufuria, siagizi. Nakula vyprážaný syr, jibini la kukaanga na viazi, au samaki, pstruh ni samaki wa mtoni wa kuchoma. Supu ulizeni imepikwa na mchuzi wa nini. Na kuna viandazi vyao Bratislavské rožky, ndani mbegu za popi au njugu za walnati zilizosagwa, vizuri mno na chai, lakini ulizeni mafuta ya unga ni siagi au ya mnyama. Mie huwa natia kikapuni chapati na maharage na chupa ya chai, nakaa nao kwenye viti kando ya mto, na hiyo ndio milo yangu mizuri kabisa kule.

Kuswali, Slovakia hapana msikiti rasmi mpaka leo, Uislamu haujasajiliwa na serikali. Chukueni mkeka mdogo. Kando ya mto majani yapo na watu hawana habari nanyi.

Na kitu cha mwisho, ambacho kwangu ndicho cha kwanza. Msimalize siku mjini. Nendeni Devín.

mwana_wa_panton

Bi mkubwa shikamoo. Devín ni wapi tena? Na ngome nyingine yenye ngazi au?

bi_donau

Marhaba. Ngome ipo, gofu lake, askari wa Napoleon waliilipua 1809. Lakini mama hapandi. Chini yake kuna njia tambarare kando ya maji, pale mto Morava unapoingia Donau, na ng'ambo ni Austria. Basi 29 linaanzia chini ya daraja Most SNP, dakika ishirini hivi.

Mimi nilipofika Vienna pale palikuwa seng'enge. Ng'ambo hii Austria, ng'ambo ile askari na mbwa wa Chekoslovakia ya wakati ule, ya wakomunisti. Watu waliogelea usiku kutoka kule waje huku, wako waliofika na wako waliopigwa risasi majini. Zamani kabla ya hapo, tangu 1914, kulikuwa na treni ya umeme ya kutoka Vienna mpaka pale mjini, watu wanakwenda kunywa mvinyo na kurudi usiku. Ikaja kukatwa. Halafu Desemba 1989 watu wa Bratislava wakatoka kwa maelfu wakatembea kwa miguu hadi Hainburg upande wa Austria, tarehe 10, baridi, na watoto mabegani. Mimi nilikuwa Vienna nikawatazama kwenye televisheni nikalia, na sina ndugu hata mmoja Mslovakia.

Kuna kumbukumbu yao pale Devín kando ya mto. Mpeleke mama.

kapu_la_mama

Naongeza dogo tu, kama mtabadilisha ikawa Jumapili, maduka ya Bratislava yanafunguliwa Jumapili tofauti na Vienna, jengo la maduka la Eurovea liko palepale mtoni na lifti na vyoo visafi. Na mbebe sarafu za vyoo vya mitaani.

fundi_reli

Nakubaliana na bi mkubwa kuhusu boti. Na juu ya lile daraja kuna mgahawa kama kisahani, wenyewe wanaita UFO, juu kule ni mita 95 na lifti ipo. Mama atauona mji wote na Austria bila kuyachosha magoti. Daraja ni la 1972, na kwa kulijenga walibomoa karibu mtaa mzima wa Wayahudi na sinagogi lililokuwa ubavuni mwa lile kanisa la taji, ukiwa juu utaona barabara ilivyopita kwa ukatili pale katikati.

mwana_wa_panton: MREJESHO

Wadau tumekwenda. Samahani nimekawia, mama alikuwa bado yupo na nilitaka kila saa yangu iwe yake. Nawaandikia yote.

Alhamisi tumeamka saa kumi na moja, mama alikuwa ameshaswali ameshavaa amekaa kitandani na mkoba mapajani. Chapati tulipika usiku. Tukachukua treni ya chini hadi Schwedenplatz, boti ikaondoka na sisi tumekaa dirishani. Mwanzo mama kimya. Tulipotoka kwenye mfereji tukaingia Donau yenyewe akaanza kutazama kingo, msitu tupu pande zote, hifadhi ya taifa ile, halafu vikaanza kuonekana vibanda vya mbao juu ya maji na mbele ya kila kibanda nyavu kubwa ya mraba inaning'inia kwenye nguzo. Mama akanishika mkono. Nyavu! Akaanza kunieleza mwenyewe inavyofanya kazi, inashushwa inatulia chini samaki wanapita juu yake inanyanyuliwa, hakuambiwa na mtu. Binti yangu akawa anamtafsiria jirani Mjerumani wa kiti cha nyuma, yule mzee akasema ni hivyo hivyo kabisa.

Karibu na kufika, upande wa kushoto likatokea gofu juu ya mwamba, nikajua hii ndio Devín.

Sasa kitu ambacho sitakisahau. Mama safari nzima alikuwa na pasi mkononi. Ameifunga kwenye leso, fundo, kaishika. Nilimwambia mama weka mkobani, akasema wataitaka. Tumeshuka gatini Bratislava, watu wanapita wanaenda zao na mabegi, mama akasimama. Akafungua lile fundo, akatoa pasi, akaifungua kabisa kwenye ukurasa wa viza, akawa anaangalia kulia na kushoto anatafuta dirisha. Nikamwambia mama hakuna dirisha. Akasema Uhamiaji wako wapi? Nikamwambia hakuna Uhamiaji, tumeshaingia. Akaniangalia kama namdanganya. Tumesimama pale dakika nzima watu wanatupita. Horohoro aligongewa muhuri kwenda na kurudi na foleni juu. Hii viza aliulizwa mpaka ana ng'ombe wangapi. Halafu anaingia nchi nzima hivi hivi. Hakusema kitu, akaifunga tena kwenye leso lakini hakuiweka mkobani.

Mjini bi mkubwa ulisema kweli, mawe. Raba zilimwokoa. Binti alitafuta vile vitaji vya shaba kwa bidii, akikipata kimoja anamwita bibi, bibi anakwenda anakikanyaga kwa mguu mmoja polepole kama anakipima, ndio wanaendelea. Tumeona na ile sanamu ya shaba ya mtu anayetokea kwenye shimo la maji machafu, Čumil wanamwita, ipo tangu 1997, kichwa kinang'aa kwa kushikwa na watu. Mama akasema huyu ni fundi wa mabomba ameshapumzika, mwacheni. Kanisa la buluu tuliliona kwa nje tu, kweli ni buluu mpaka paa. Ngome hatukupanda. UFO tulipanda, lifti chini ya dakika, mama juu kule aliuliza swali moja tu, hapa kabla ya daraja walivuka na panton? Kwetu Pangani mnajua, kwenda Bweni ni panton.

Chapati tulikula kando ya mto, tukaswali adhuhuri kwenye majani. Hakuna aliyetugeukia.

Halafu basi 29 hadi Devín. Nawaambia wadau kama una saa tatu tu Bratislava, mbili zitumie huko. Njia tambarare kweli, mama hakulalamika hatua moja. Pale mito inapokutana rangi zinatofautiana, Morava tope, Donau kijani cha kijivu, zinakwenda sambamba kidogo ndio zinachanganyika. Mama kwa hilo hakushangaa, amezaliwa mto unapoingia baharini. Alishangaa ufinyu wa ule mto. Ng'ambo ile ndio Austria? Ndio mama. Ile miti? Ndio. Akasema huu mto mtoto wa Pangani anauvuka huku anaimba.

Ndio nikamwonyesha ile kumbukumbu. Iko kama mlango wa zege umesimama peke yake kando ya maji, una matundu kama ya risasi. Nikamweleza niliyoyasoma kwa bi_donau humu, kwamba watu walitaka tu kwenda kwenye ile miti, wakapigwa. Mama akauliza walikuwa na viza? Nikamwambia mama kwao hata hiyo viza haikuwepo, hawakuruhusiwa kutoka. Akakaa kwenye jiwe. Alikaa kama robo saa na pasi yake kwenye leso. Binti anataka kukimbia nikamzuia. Baadaye akanyanyua mikono akawaombea, akasema mimi siwajui dini yao, Mungu anawajua. Tukaondoka.

Kurudi ndio nilikosea, basi 93 nimelipanda upande usio wake, badala ya stesheni kuu likatuvusha daraja hadi Petržalka. fundi_reli nilikukumbuka palepale, nikatulia, tukapanda treni ya Petržalka na tiketi ileile ya treni niliyokuwa nayo ikakubaliwa. Mbele kidogo polisi wawili wakapita kwenye behewa. Wapole tu, wanaomba pasi. Mama alikuwa ameshafungua fundo kabla hawajafika kwenye kiti chetu. Akampa kwa mikono miwili. Yule kijana akaangalia, akamrudishia, akasema Danke. Mama akajibu asante baba.

Usiku alimpigia simu dada yake Pangani. Nilikuwa jikoni nikamsikia, nimetoka nchi nimeingia nchi, wala hawakuniuliza jina. Akarudia tena, wala jina.

bi_donau

Nimesoma nimetoa machozi mwanangu. Mungu ampe umri. Yale majani mliyoswali ni upande wa mji au wa Petržalka?

mwana_wa_panton

Upande wa Petržalka, tulivuka daraja kwa miguu kuna njia ya watu chini ya barabara, kuna bustani yenye kivuli. Amina bi mkubwa.

mtu_wa_kisauni

Dada mimi nimerudi kusema nilikosea pale juu. Mamangu anakuja Machi kutoka Likoni. Boti itakuwa imeshaanza? Na hilo basi 29 nilipandie wapi hasa, pale chini ya daraja kuna vituo vingi.

mwana_wa_panton

Machi ni mwanzo wa msimu, angalia ratiba yao kwanza na usikate tiketi ya ndege ya mama kabla ya kuiona. Basi 29 ni palepale chini ya daraja upande wa mji wa kale, soma ubao ulioandikwa Devín. Mkipanda mwekeni upande wa kushoto, mto unaonekana njiani.